Mshipa wa pili wa baipasi ya moyo: wa mguuni au wa mkononi?

Mpasuaji, Upper Hill: Baipasi ni kuunga mshipa mwingine ili damu ipite kando ya ateri ya moyo (mshipa upelekao damu) iliyobana. Ateri ya kifuani kushoto ikiungwa kwenye ateri kuu ya mbele ya moyo, hapo hakuna ubishi: miaka 10 baadaye zaidi ya 9 kati ya 10 bado zinapitisha damu. Tatizo ni mshipa wa pili. Tunakimbilia vena ya mguuni (mshipa urudishao damu moyoni) kwa kuwa ni ndefu na hutoka haraka, ilhali ndani ya miaka 10 karibu nusu huwa zimeziba au kuchakaa. Kwa mgonjwa wa miaka 52, mimi nasema ateri ya mkononi kwanza.

Sista wa vidonda: Na ateri ya kifuani kulia je, Daktari?

Daktari wa moyo, Parklands: Jaribio la ART, utafiti uliolinganisha kuunga ateri mbili za kifuani na moja, wagonjwa 3,102, matokeo ya miaka 10 yalitoka 2019. Waliopangiwa ateri mbili za kifuani walikufa 20.3%, moja 21.2%. Karibu sare. Lakini shida za kidonda cha kidari zilikuwa 3.5% dhidi ya 1.9%.

Mpasuaji: Sare yenye dosari, mwenzangu. Kwenye kundi la ateri moja, zaidi ya 1 kati ya 5 waliwekewa pia ateri ya mkononi. Hapo umelinganisha nini na nini?

Sista wa vidonda: Mwenye kisukari na mwili mnene msimguse ateri zote mbili. Mkilazimika, itoeni ateri tupu, bila nyama na vena zake, kidari kisikose damu.

Daktari wa moyo: Mkono nao una masharti. Mombasa Road ikiwa wazi, nani atazunguka Southern Bypass? Ateri ya moyo iliyobana chini ya 70% hupitisha damu yake yenyewe, na ile ya mkononi hunywea. Upande wa kulia wa moyo, ngoja ifike 90%. Figo zikiwa zinaelekea kufeli, acha mkono. Atauhitaji kwa fistula ya dayalisisi, yaani ateri na vena zilizounganishwa ili mashine isafishe damu.

Mpasuaji: Nakubali. Ateri ya mkononi pia hujikaza ovyo, ndiyo maana wengi wetu huwapa dawa kama diltiazemu au amlodipini. Na ukibaki na vena, itoe na mafuta yake; usiijaze kwa nguvu ya sirinji kutafuta matundu, utachubua utando wa ndani na izibe mapema.

Daktari wa moyo: Basi tuanzie kwenye fomu ya rufaa. Mrija wa picha ya mishipa ukishapita kwenye ateri ya mkono, hiyo haifai tena. Andikeni: picha ipitie kulia, mkono wa kushoto usichomwe hata dripu.