Naomba ushauri: duka la juisi au la mtindi wa kugandishwa, Dallas

Wakuu habari zenu. Mimi na mke wangu tuko Dallas, tunataka kufungua duka chini ya jina la kampuni inayojulikana. Tunapima Smoothie King (juisi nzito za matunda) na Menchie's (mtindi wa kugandishwa).

Mke anataka mtindi wa Menchie's. Mteja anajipakulia mwenyewe, anamwagia karanga na biskuti, kikombe kinawekwa kwenye mizani, analipia uzito. Kazi ya muuzaji ni ndogo. Ila maduka ya aina hii yalizagaa sana kuanzia 2010 hivi, na mengi yamefungwa. Halafu Januari nani anakula barafu? Juisi ina watu wa asubuhi wanaotoka jimu, japo matunda yanaoza na blenda hazipumziki.

Sheria ya Marekani inataka upewe kitabu cha taarifa za kampuni siku 14 kabla ya kusaini au kulipa. Humo kuna hesabu ya maduka yaliyofungwa miaka mitatu ya nyuma. Aliyewahi kukisoma, ulibanwa wapi? Na mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina la kampuni, ukikatwa kwenye mauzo badala ya faida, mwezi mbaya mnaponaje? Mke ameshaanza kuulizia fremu, nijibuni mapema.