Tupeane uzoefu: neno la Kizungu lililowahi kukuvua nguo

Konda Mstaafu: Jana harusini Sinza bwana harusi kakwama foleni. MC akashika maiki: "Romeo, Romeo, wherefore art thou Romeo?" huku kaweka kiganja juu ya macho, anaangaza mlangoni. Nikazamisha uso kwenye soda, maana nilikumbuka yangu. Nyie je?

Mama Mapacha: Umenitonesha kidonda. Kidato cha tatu, mashindano ya maigizo Temeke, tunacheza Romeo na Juliet ya Shakespeare, mimi ndiye Juliet. Roshani ni meza mbili zimebebana, pazia khanga ya mama. Nikaitoa hiyo wherefore, nikainama kushoto, nikainama kulia, mpaka chini ya meza nikachungulia. Jaji, mzee mmoja wa miwani, akanyoosha mkono: "Binti, unamtafuta nani?" Nikajibu, "Romeo, shikamoo." Watu hawana mbavu! Akasema huyo hajapotea. Wherefore si wapi, ni kwa nini. Juliet wala hajui kama jamaa yupo bustanini anamsikia. Analia na jina: kwa nini uwe Romeo, mtoto wa Montague, ukoo ambao kwetu haukanyagi? Ndiyo maana papo hapo anamwambia amkane baba yake. Tukashika mkia.

Sina Baya: Mimi mpaka dakika hii nilijua ni "uko wapi". 😂

Mjukuu wa Katekista: "Kwa nini" imepoa. Ni MBONA. Mathayo 14:31, Petro anazama: King James ya 1611 inasema "wherefore didst thou doubt", yetu inasema "mbona uliona shaka?" Mbona ina lawama ndani.

Konda Mstaafu: Mbona unatuhubiria? Therefore ni kwa hiyo, wherefore ni kwa nini. Swali na jibu lake, basi.

Mjukuu wa Katekista: Kwa nini ni ya mahakamani. Juliet yuko roshani, hayuko kizimbani.

Mzee wa Pantoni: Tulieni. Nilikuwa namfukuzia mwalimu wa fasihi wa Kigamboni. Nimesimama Magogoni, pantoni ya kwanza imeondoka, ya pili imeondoka, simuoni. Nikajitia msomi, nikatuma meseji: "Wherefore art thou?" Kimya. Mara ikaingia: "Kwa sababu mama alinizaa." Nikajua nimetukanwa. Nikazima simu, nikadaka daladala la Mbagala.

Sina Baya: Kumbe alikuwa wapi?

Mzee wa Pantoni: Ng'ambo. Kashika mihogo ya kukaanga ya watu wawili.

Mama Mapacha: Maskini dada wa watu! Ushauri: andika "uko wapi", ulale salama.

Binti Tandika: Usimsikilize, walimu wa fasihi wanapenda hayo hayo. Ila anza na anon, nyepesi. Kwenye Henry IV, tamthilia nyingine ya Shakespeare, kuna mhudumu wa baa, Francis, anaitwa huku na huku, jibu lake "Anon, anon, sir." Ni yule yule wa kwetu: "Nakuja bosi", na haji.

Sina Baya: Tuachane na mabaa. Mzee wa Pantoni, ndoa ilipita?

Mzee wa Pantoni: Anon.

Mama Mapacha: Mwaka wa ngapi huu?

Mzee wa Pantoni: Wa sita.