Baiskeli ya umeme inagonga «tak» kwenye mlima: pedalie (mhimili wa pedali) ao moteri?

kinga_bkv
Jambo wandugu. Moteri iko ndani ya gurudumu la nyuma, 36 V, 350 W. Kupanda mlima wa Kadutu, hapa Bukavu, inagonga «tak», na mguu unaisikia kabisa kwenye pedali. Tambarare kimya. Mnyororo umeoshwa na kutiwa mafuta, pedali zimekazwa. Fundi anataka kufungua moteri, eti meno ya ndani yameisha. Nikubali?

fundi_waya
Asifungue bado. Fremu inasafirisha sauti: kinachogonga nyuma utakisikia chini ya mguu. Zima moteri, panda kwa miguu tu. Kisha washa, miguu itulie, panda kwa gazi tu (mpini wa kuongeza mwendo wa moteri). Na uhesabu. Tak moja kila pedali zikizunguka mara moja ni pedalie ao pedali yenyewe. Moja kila mzunguko wa gurudumu ni spoki ao diski ya freni. Meno ya nailoni yakiliwa hayagongi moja moja, yanakoroma, na moteri inaweza kuzunguka bure.

kinga_bkv
Miguu tu: kimya. Gazi tu: tak moja nikivuta, nyingine nikiachia. Katikati hakuna kitu.

fundi_waya
Basi ni ekseli, chuma cha katikati ya gurudumu: inacheza ndani ya mdomo wa fremu, mwanya unaoishika. Moteri ikisukuma gurudumu mbele, ekseli inataka kuzunguka kinyumenyume. Usiendeshe tena: ikizunguka kweli itasokota nyaya zinazopita ndani yake na kuzikata.

Chora mstari wa chaki kutoka kwenye ncha ya ekseli mpaka kwenye fremu. Mwingine ashike freni ya mbele, wewe vuta gazi kidogo sana. Mstari ukivunjika, umempata mwizi.

mama_spana
Kabla ya kukaza, chomoa bateri, toa nati, angalia rondeli (washa) yenye jino. Jino linaingia ndani ya mdomo wa fremu. Mara nyingi limewekwa nje, ao limeliwa. Kukaza juu ya rondeli mbovu ni kupoteza nguvu.

Nati nyingi za M12 (ekseli ya milimita 12) ni kle (spana) ya milimita 18, nguvu ya kukaza Nm 40 hivi. Kwa kle ya sentimita 25, ni kama kuning'iniza kilo 16 kwenye ncha. Usirukie kwa mguu, nyuzi za ekseli zitaliwa. Mdomo ukiwa umepanuka, hasa wa alumini, nati peke yake haitoshi: weka mkono wa chuma wa kuzuia ekseli, ufungwe kwenye fremu.

Waya utoke ukielekea chini, la sivyo mvua ya Bukavu itaingia ndani ya moteri.

kinga_bkv
Jino lilikuwa nje. Aksanti mama.