Viza ya kazi za mtandaoni Hispania: vishoka acheni kuwaficha watu suala la hifadhi ya jamii

Wakuu, huu wizi umezidi. Kila kukicha kuna kishoka anatangaza kwamba ukifanya kazi kwa kompyuta Hispania inakupokea: lete taarifa ya benki, lipa, panda ndege. Anachotaja ni kipato tu, yaani mara mbili ya kima cha chini cha mshahara wa kule (kwa 2025 ilikuwa kama euro 2,763 kwa mwezi). Mtegemezi wa kwanza anaongeza asilimia 75 ya kima hicho, kila anayefuata 25. Baada ya hapo kimya, na hapo ndipo watu wanapopigwa.

Kinachomkwamisha Mtanzania au Mkenya aliyeajiriwa ni hifadhi ya jamii. Kubaki kwenye mfuko wa kwenu kunawezekana kama nchi yako ina mkataba na Hispania. Kwa Afrika wenye mkataba ni Moroko, Tunisia, Senegali na Cape Verde. Sisi hatumo, kwa hiyo michango yako ya NSSF haikusaidii kitu. Zinabaki njia mbili: mwajiri ajisajili kule na akuchangie, jambo ambalo kampuni nyingi hazitaki hata kulisikia, au uache ajira uwe mkandarasi, kisha ujiandikishe kule kama autónomo, yaani mtu aliyejiajiri.

Kishoka akishabanwa anakwambia ubadilishe mkataba wiki moja kabla ya kutuma maombi. Huo ni uongo wa kumharibia mtu maisha! Unatakiwa uwe umefanya kazi na kampuni hiyo angalau miezi 3, nayo kampuni iwe imefikisha mwaka 1. Mkataba wa juzi unakataliwa, na ajira yenye marupurupu umeshaiacha.

Nyaraka nazo wanazivuruga. Burundi na Rwanda wana apostille, yaani muhuri mmoja wa kuthibitisha nyaraka unaotambuliwa kimataifa. Nchi isiyo kwenye utaratibu huo, cheti cha polisi kinagongwa muhuri wizara ya mambo ya nje, halafu ubalozi wa Hispania. Mihuri kwanza, tafsiri baadaye, kwa sababu mtafsiri aliyeapishwa anatafsiri na mihuri yenyewe. Ukitanguliza tafsiri unalipa mara mbili.

Ukishakubaliwa, kuna alama za vidole za TIE, yaani kitambulisho cha mgeni anayeishi kule. Miadi ni bure kwenye tovuti ya serikali, lakini madalali wanaikomba na kuiuza. Siku hiyo beba pasipoti, picha, risiti ya ada ya kitambulisho (fomu 790 namba 012) na karatasi ya padrón, yaani uthibitisho wa makazi. Wenye nyumba wengi hawataki ujiandikishe padrón kwao, na vituo vingi bila karatasi hiyo vinakurudisha. Ruhusa ya kujiandikisha iandikwe kwenye mkataba wa pango kabla hujatoa amana.

Halafu ada ya serikali ya kuwasilisha maombi ukiwa ndani ya Hispania haifiki euro 80. Kishoka anayekutoza zaidi aandike kila shilingi ni ya nini, na asaini.