Naomba ushauri: nisikilize vipi jazi huru wanapopiga wote kwa pamoja?

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaoijua jazi huru, yaani jazi ya kubuni papo hapo bila kufuata mpangilio wa kawaida. Nasikiliza albamu "Free Jazz" ya mpiga saksafoni Ornette Coleman, iliyorekodiwa New York Desemba 1960: kwarteti mbili (vikundi vya watu wanne wanne) zinapiga kwa wakati mmoja, moja upande wa kushoto, nyingine kulia, dakika 37 hivi mfululizo. Eric Dolphy akiingia na klarineti ya besi, wenzake wanamdakia vipande na kumrudishia. Hapo nafurahi mno! Ila wote wakiingia kwa nguvu, napotea kabisa. Nishike besi za wapiga besi wawili, Charlie Haden na Scott LaFaro, au nifuate madramu? Au nianze kwanza na albamu "Ascension" ya mpiga saksafoni John Coltrane ya 1965? Natumia hedifoni, kama hilo linasaidia kitu.