Nigeria ina makombe 5 au 4? Naomba historia ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17

Mwana_Temeke:

Habari zenu, wakuu. Tangu fainali za Qatar za mwaka 2025, ambako Ureno iliifunga Austria bao 1–0 na kutwaa ubingwa, kijiweni kwetu kumezuka ubishi usiokwisha. Mzee mmoja tunayemheshimu anashikilia kwamba Nigeria imelitwaa Kombe la Dunia la vijana wenye umri chini ya miaka 17 mara 5, ilhali fundi baiskeli wa hapo jirani anasema ni mara 4 tu, kwa kuwa lile la kwanza la mwaka 1985 lilikuwa la chini ya miaka 16 na halihesabiki. Naomba mwenye kuijua historia hii aniambie mashindano yalianzaje, na kwa nini kila Nigeria inapotajwa lazima atokee mtu wa kuzungumzia vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri.

Mzee_wa_Mzunguko:

Mwambie fundi aandae kahawa ya wote, kwa sababu mzee yuko sahihi. Asili ya mashindano haya ni Singapore, ambako mwaka 1977 lilianzishwa Kombe la Lion City kwa vijana wa chini ya miaka 16. Sepp Blatter, wakati huo akiwa Katibu Mkuu wa FIFA, aliyashuhudia mwaka 1982 na kupendekeza kwamba FIFA iwe na mashindano yake ya dunia ya rika hilo. Ndipo mwaka 1985 China ikawa mwenyeji wa timu 16, na katika fainali iliyochezwa Beijing, Nigeria ya nahodha Nduka Ugbade ikaifunga Ujerumani Magharibi mabao 2–0. Mmoja wa vijana wale, Jonathan Akpoborie, alikuja kuchezea klabu za Ujerumani yenyewe alipokuwa mtu mzima.

Umri ulipandishwa kuwa chini ya miaka 17 mwaka 1991 nchini Italia, mwaka ambao Ghana iliifunga Hispania 1–0, lakini FIFA inayahesabu yote kuwa mashindano yale yale. Kwa hiyo Nigeria ina 1985, kisha 1993 kule Japani walipowafunga Ghana 2–1 wakiwa na Nwankwo Kanu kikosini, 2007 Korea Kusini kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Hispania, 2013 Falme za Kiarabu, na 2015 Chile. Kikosi cha 2015 kilifundishwa na Emmanuel Amuneke, huyu huyu aliyekuja kuifundisha Taifa Stars na kuipeleka AFCON ya 2019. Brazil inafuata ikiwa na makombe 4.

Timu ziliongezeka kutoka 16 hadi 24 mwaka 2007, na Qatar mwaka 2025 zimefika 48. Zamani tulisubiri miaka miwili, sasa ni kila mwaka. Mimi binafsi naona wingi huu umeyapunguzia mashindano utamu, ingawa Waganda, ambao wamefuzu kwa mara ya kwanza kupitia mlango huo uliopanuliwa, hawatanielewa.

Beki_wa_Kulia:

Shikamoo, Mzee wa Mzunguko. Naomba nijibu sehemu ya pili, maana mara nyingi hadithi ya vijeba husimuliwa kana kwamba ni ugonjwa wa Nigeria peke yake.

Ni kweli kwamba mwaka 1989 FIFA iliifungia Nigeria kwa miaka miwili kutoshiriki mashindano yote ya vijana. Hakuna aliyepimwa mfupa: tarehe za kuzaliwa za wachezaji watatu zilizoandikwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1988 hazikulingana na zile zilizoandikwa katika mashindano ya nyuma. Adhabu hiyo iliwanyima pia uenyeji wa Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 20 la mwaka 1991, ambalo lilihamishiwa Ureno.

Hata hivyo, mwaka mmoja kabla, Mexico ilikuwa imekamatwa ikitumia wachezaji waliozidi umri katika mechi za kufuzu za chini ya miaka 20. Wao walifungiwa timu zao zote, wakaikosa Olimpiki ya 1988 na hata Kombe la Dunia la wakubwa la 1990. Mwaka huo huo wa 1989, katika fainali ya mashindano haya haya pale Hampden Park, Glasgow, zaidi ya watu 50,000 walishuhudia Scotland ikitoka sare ya 2–2 na Saudi Arabia kisha ikipoteza kombe kwa penalti, na malalamiko ya Waskoti kuhusu umri wa Wasaudi hayajaisha hadi leo. Tofauti ni kwamba kule hakuna kilichothibitishwa, na Saudi Arabia imebaki bingwa.

Nasi tusijifanye watakatifu. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, waliondolewa katika fainali za Afrika za 2005 zilizofanyika Gambia kwa sababu hiyo hiyo.

Kocha_wa_Mtaa:

Niongeze kuhusu vipimo. Kuanzia fainali za 2009, zilizochezwa Nigeria kwenyewe, FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, cha kifundo cha mkono wa kushoto. Daktari hutazama mwisho wa mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, mahali ambapo gegedu ya ukuaji huungana na mfupa kadiri kijana anavyokomaa, kisha huupa daraja kuanzia 1 hadi 6. Ukikutwa umeungana kabisa, yaani daraja la 6, huchukuliwa karibu kwa yakini kwamba mwenye mkono huo amevuka miaka 17. Lakini wapo wanaochelewa kukomaa, na kijana wa miaka 18 ambaye mfupa wake haujafunga atapita bila shaka yoyote. Kipimo kinawanasa baadhi tu.

Ndiyo maana makaratasi bado yana nguvu. Katika fainali za Afrika za 2019 hapa kwetu Dar es Salaam, zile zilizofunguliwa na ile mechi ya mabao 9 ambayo Nigeria ilitufunga 5–4, Guinea ilifika fainali na kupoteza kwa penalti mbele ya Cameroon. Baadaye ikabainika kwamba wachezaji wake wawili walikuwa wamecheza mashindano fulani Japani wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Guinea ikaondolewa, na Senegal ikaenda Kombe la Dunia kule Brazil badala yake. Ni kosa lile lile la Nigeria ya 1988, miaka 31 baadaye, na MRI ikiwa ipo.

Nami yamenikuta. Katika ligi ya watoto nilipokonywa pointi kwa sababu ya kipa wangu: cheti cha kuzaliwa kilisema 2008, fomu ya shule ikasema 2006, na ile 6 ilikuwa imeandikwa upya kwa wino wa bluu juu ya mweusi. Mama yake alinieleza bila kuficha kwamba aliuongeza umri ili mwanawe apokelewe darasa la kwanza mapema. Mtoto alikuwa mdogo kweli, na tukaadhibiwa kwa kijeba asiyekuwepo.

Mwana_Temeke:

Nawashukuru sana. Fundi amesoma majibu yote na kukubali yale makombe 5, ila sasa anadai kwamba la 1985 lihesabiwe nusu, hivyo kahawa atalipa nusu.

Mzee_wa_Mzunguko:

Mwambie FIFA haina nusu kombe, na muuza kahawa hana nusu kikombe.