Unguja hadi London: apite Addis, Istanbul au Doha?

Kijana wa Wete
Assalaam alaykum. Bimkubwa anakwenda London, dada anakaribia kujifungua. Ni mtu mzima, akikaa sana miguu inamvimba. Nauli zinakaribiana. Njia ipi fupi?

Tanga Mbili
Waalaykum salaam. Mstari ulionyooka kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume hadi Heathrow ni kama kilomita 7,440. Addis imekaa karibu juu ya mstari huo, jumla inafika 7,610 hivi. Istanbul kama 7,870. Doha ndiyo inayompeleka mashariki kwanza halafu arudi magharibi, karibu 9,000. Hewani Addis ni saa kumi na kitu, Doha kumi na tatu hivi. Hapa hapana mjadala, Addis.

Ukhti wa Malindi
Mjadala upo. Yeye kasema miguu. Addis ni saa mbili na nusu, kisha karibu nane mfululizo kwenye kiti. Doha ni sita, anashuka, ananyoosha miguu, anaswali, kisha saba. Na kabla ya yote tazama muda wa kusubiri katikati. Njia fupi yenye saa tisa za kungoja si fupi tena.

Tanga Mbili
Sawa, lakini hata Addis akizunguka ndani ya ndege kila baada ya muda hatoumia. Istanbul mimi siipendi, nilipopita tulitua kwanza Kilimanjaro kuchukua abiria.

Mzee Kanzu
Mwanangu, usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika ukadhani ndiyo safari. Tiketi inaandika saa za kila mji. London iko nyuma yetu saa tatu wakati wa baridi, mbili kiangazi. Ukiona 17:00 hadi 06:30 utahesabu kumi na tatu na nusu, kumbe baridi ni kumi na sita na nusu. Na 02:40 ya Jumamosi ni saa nane na dakika arubaini usiku, Ijumaa kuamkia Jumamosi. Watu wanafika uwanjani siku ya pili yake, ndege ishaondoka zamani.

Kijana wa Wete
Shukran sana ami. Kiingereza hajui, hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Ukhti wa Malindi
Omba kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, halipii. Mhudumu atamtoa mlango wa ndege hii hadi mlango wa ile. Na tiketi iwe moja mpaka London, mizigo asiione tena njiani.

Tanga Mbili
Wete mpaka Unguja je? Ndege ndogo ya Chake ni nusu saa, ila mzigo kwa kawaida kilo 15 tu.

Kijana wa Wete
Kwa masanduku yake yale, boti. Atalala kwa khalati Mwanakwerekwe, safari iwe kesho yake.

Mzee Kanzu
Hapo umefanya la maana. Bahari ikichafuka boti haitoki, ndege haimngojei mtu.